Mkono wa Kushoto wa Bwana Saa

Kwanza tuelewane: mwanamke huyu hakuwa mwongo. Ukimwazima kijiko asubuhi, jioni anakurudishia kimeoshwa na kufutwa. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama mkwe wake, ambaye kwa kawaida huwapa watu majina anayoyataka yeye. Na jina lilimkaa, maana mikono yake iliijua kazi moja na kuijua barabara: kurekodi ngoma na kuzishona. Mpe mpiga dramu aliyepiga wimbo mara tano, kila mara akikosea mahali tofauti. Fundi atachukua mwanzo wa mara ya pili, katikati ya mara ya nne, na mwisho wa mara ya kwanza, aunganishe, nawe utasikiliza mpaka uchoke bila kuona uzi ulipopita.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, zamani stoo. Kuta zilivaa magodoro makuukuu na mapazia mazito, na mlango aliushonea zulia. Ukiufunga, dunia inabaki nje. Honi, majirani, redio za watu, vyote vinayeyuka, unabaki na pumzi yako mwenyewe na mlio mwembamba ndani ya masikio ambao hukujua kama unao. Wageni wengine walishikwa na kizunguzungu humo. Fundi yeye alijisikia kama mtu aliye katikati ya usingizi na kuamka, pale pazuri ambapo hujakumbuka bado una kazi gani leo. Saa ya ukutani aliitoa siku nyingi kwa sababu maiki zilikuwa zinaisikia, basi hakukuwa na asubuhi wala adhuhuri mle. Kulikuwa na mwanga mmoja wa manjano uliopenya kidirisha cha juu na kutambaa sakafuni polepole.

Mpiga dramu aliyepiga humo mara nyingi kuliko wote alikuwa mume wake. Huyo walimwita Bwana Saa. Wapigaji wengine huwekewa masikioni mlio wa kuhesabia, tiki, tiki, tiki, ili wasikimbie wala wasichelewe. Yeye hakutaka hata kuusikia. Alisema unamkera, ni sawa na kuonyeshwa njia ya kwenda kwako. Alipiga kavukavu, dakika tano nzima, na ukipima mwishoni unakuta hajatoka nje hata unywele. Ndugu zake walimtania kwamba hata siku ya ndoa alisema "nimekubali" kwenye pigo la nne.

Siku ya kurekodi walikuwa na utaratibu wao. Mume anakaza ngozi za ngoma, anagonga pembeni kwa kidole, anasikiliza, anakaza tena. Mke anatega maiki: moja ndani ya ngoma kubwa ya mguu, moja vidole viwili juu ya ile ngoma ndogo ya katikati yenye mlio wa kuchapa, mbili juu ya matoazi, na ya mwisho anaipeleka ukumbini, mbele ya mlango wa bafu, maana vigae vya bafu vinarudisha sauti tamu kuliko mashine yoyote. Basi siku hiyo haogi mtu mpaka kazi iishe. Kisha mume anapiga, na akimaliza anajilaza kwenye mkeka nyuma ya kiti cha mkewe, anapitiwa na usingizi huku mwenzake akishona.

Na hapo, mume amelala nyuma yake, ndipo Fundi alipokuwa akifanya jambo lake.

Kwenye kioo cha kompyuta kila pigo husimama kama kichuguu, na mistari ya muda hupita wima, ikionyesha kila kichuguu kinapotakiwa kusimama. Miaka nenda miaka rudi vichuguu vya Bwana Saa vilikaa kwenye mistari yake bila kuguswa na mtu. Lakini kwa miaka miwili sasa, vya mkono wa kushoto, ule unaochapa ngoma ndogo, vilikuwa vinasimama nyuma ya mstari. Kidogo sana mwanzoni. Wewe na mimi tusingesikia kitu. Fundi alisikia, akavisogeza kimoja kimoja mpaka mahali pake, kama anavyowafanyia wageni wote. Leo amechoka, akajisemea. Wiki nyingine ikawa joto. Kisha kiti kimelegea, kisha vijiti vipya havijamzoea. Sababu alikuwa nazo gunia zima. Mume akiamka anasikiliza kazi iliyoshonwa, anatikisa kichwa taratibu, ameridhika na nafsi yake, na Fundi anaona raha kumwona hivyo. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, na ndiyo maana hakujihoji.

Sasa ikatokea shemeji akaja.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa Bwana Saa, kiongozi wa bendi yao ya ujana, mtu wa maneno mengi na tumbo la heshima. Alikuja kueleza kwamba amewakusanya wenzake wote, waliobaki, na wanataka kurekodi tena baada ya miaka kumi na tano. Ila kwa mtindo wa zamani: wote chumba kimoja, mwimbaji, magitaa, tarumbeta na dramu, bila vyumba vya vioo, bila hedifoni, wanatazamana usoni na kupiga mara moja. Jumamosi. Bwana Saa aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena. Alicheka kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea, akaenda kupekua sanduku la vijiti vyake papo hapo.

 Fundi alijua kitu ambacho wale ndugu wawili hawakukiwaza. Ngoma zikipigwa peke yake, kila pigo linaweza kusogezwa. Lakini watu wakipiga chumba kimoja, kila maiki inasikia kila kitu. Ngoma ndogo inaingia kwenye maiki ya mwimbaji, kwenye ya gitaa, kwenye ya tarumbeta. Ukisogeza pigo huku, lile la zamani linabaki kule, na msikilizaji anasikia mawili, papa, papa. Ni kuhamisha kiti na kivuli chake kibaki pale pale. Mkono wa mumewe ungesikika ulivyo, mbele ya kaka yake na rafiki zake wote, na yeye mwenyewe angeusikia kwa mara ya kwanza hapo, hadharani.

Alijaribu. Alipendekeza wasimamishe magodoro katikati ya wapigaji, kila mtu na kizimba chake. Shemeji akamcheka, akasema Fundi anataka kuwafungia wazee kabatini kama mashuka ya wageni. Akapendekeza wasogeze siku. Shemeji akasema mwimbaji ana tarehe moja tu. Basi akamimina chai, akaijaza sahani badala ya kikombe.

Siku iliyofuata, Jumatano, alijifungia studio peke yake. Alifungua kazi waliyorekodi Jumatatu, mbichi, kabla hajaigusa, akazima kioo ili asione vichuguu. Hilo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Akavaa hedifoni, akafumba macho.

Mwanga wa manjano ulikuwa umefika magotini mwake. Ngoma ya mguu ikaanza, nzito, na baada yake ngoma ndogo, na Fundi akaanza kuelea. Katika ule ulegevu wa mchana aliona, au aliota, mtu anatembea ukumbini kwao, kutoka mlango wa bafu kuja huku, anatembea vizuri ila upande mmoja anaburuta. Anakanyaga, anaburuta. Fundi akataka kumwita aje akae na hakujua amwite nani. Ukumbi ukawa mrefu, vigae vikawa vinang'aa kwa maji, na yule mtu hakufika, alizidi kuja tu. Kisha wimbo ukaisha, kimya cha chumba kikamwagika masikioni, akafumbua macho.

Akaanza kufungua kazi za nyuma, moja baada ya nyingine. Fundi ana tabia moja nzuri: hafuti kazi mbichi hata siku moja. Zote zilikuwepo, na tarehe zake. Alizipanga kwenye kioo, ya juu ya zamani, ya chini ya juzi, akauangalia mkono wa kushoto peke yake. Ulikuwa unashuka kama ngazi. Hakuna mwezi uliorudi juu. Mtu aliyechoka hupumzika akarudi sawa. Huu mkono haukuwa umerudi sawa hata mara moja.

Hapo ndipo mengine yakamjia, yale yaliyokuwa mbele ya macho yake siku zote. Kwamba mumewe siku hizi anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia. Kwamba akitembea, wa kushoto unaning'inia tu, haupungi hewa. Kwamba juzi sabuni ilimponyoka mara tatu akatukana sabuni. Miaka miwili Fundi alikuwa anamtazama kwenye kioo, pigo kwa pigo, na mtu mwenyewe hakumtazama. Alilia. Alilia vizuri, kwa sauti, maana chumba kile hakitoi siri nje, kisha akafuta uso kwa pazia la ukutani.

Alijua kinachomngoja. Akinyamaza, Jumamosi mumewe ataumbuka. Akisema, mumewe atajua kwamba aliyemficha mkono wake ni mke wake. Na kuna la tatu, zito kuliko hayo: miaka miwili hii mkono ulikuwa unaomba daktari, na yeye alikuwa anauziba mdomo. Akapiga moyo konde, akatoka, akamwita.

Bwana Saa aliingia anafuta mikono, maana alikuwa uani anasugua matoazi yang'ae kwa ajili ya Jumamosi. Fundi alimkalisha kwenye kiti chake yeye, kile ambacho mume hakuwahi kukikalia, akamvisha hedifoni, akabonyeza. Hakusema ni nini.

Mume alisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, macho kayafumba, kidevu juu. Mguu wake wa kulia ulianza kugonga sakafu wenyewe. Kisha paji la uso likakunjamana. Alisikiliza ubeti mzima na kiitikio, akavua sikio moja.

"Nani huyu?" akauliza.

Fundi akasimamisha wimbo.

"Mguu wake naupenda," mume akaendelea, kwa sauti ya mtu mpole anayemhurumia mwenzake. "Huyu ni mtu wa kazi. Lakini mkono una tatizo. Mgonjwa, au? Mwambie asiende mbele za watu kabla hajaonana na daktari, wasije wakamcheka."

"Ni wewe, mume wangu. Ni Jumatatu."

Akacheka. Akamtazama mkewe, akaona hacheki, akavaa tena hedifoni na kusema irudishwe mwanzo. Safari hii alisikiliza macho wazi, anauangalia mkono wake wa kushoto uliolala juu ya paja. Fundi alimwona anajitambua. Mahali fulani kwenye ubeti wa pili kuna kapigo kadogo ka kuteleza, mtindo wake yeye, hakuna mwingine duniani anayekapiga hivyo, na kalipopita mabega yake yalishuka.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili. Na kitu."

"Na zile ninazosikia mimi nikiamka?"

"Nazisogeza."

Alizivua hedifoni na kuziweka mezani taratibu, akiulaza waya wake vizuri, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Kwa hiyo miaka miwili nasikiliza mkono wako," akasema, "nikidhani ni wangu."

Akatoka, akaufunga mlango wa zulia, na mlango ule haujui kubamizwa hata ukitaka. Fundi akabaki amesimama. Alijisikia mdogo, mchafu, mwizi wa ndani ya nyumba. Alitaka kumfuata. Angemwambia nini? Kwamba alimpenda? Hilo mume analijua, na ndilo linalouma. Angemwambia mapema, mume angenuna siku mbili, tatu akizidi, angetukana sabuni na mbingu, kisha wangekwenda hospitali. Sasa hata kununa kwake kumechelewa miaka miwili.

Mwanga ulipanda ukutani, ukawa mwekundu kidogo. Sijui ni saa ngapi zilipita, mle ndani hazihesabiki. Mlango ukafunguka, Bwana Saa akaingia na bilauri mbili za maji, moja akampa.

Akauliza kama zile mbichi alizifuta. Fundi akasema hajafuta hata moja. Mume akavuta mkeka mpaka miguuni pa kiti, akakaa chini, akaegemeza mgongo ukutani.

"Nisikilizishe zote," akasema. "Kuanzia mwanzo."

Wakasikiliza. Fundi alifungulia spika, sauti ya chini, wimbo mmoja ukaisha na mwingine ukaanza, na chumba kikajaa mume wa zamani. Mwanzoni walicheka. Hapa nilikuwa na mafua, Bwana Saa akasema, sikiliza, napiga huku napenga. Hapa mama alikuwa amekuja kutembea na alikataa katakata kuzuiwa kuoga, ndiyo hayo maji yanayosikika nyuma. Nyimbo nyingine walikuwa wamezisahau kabisa, zikapita kama watu wa ndotoni, unajua unawajua na jina hulipati. Magodoro yalizinywa zote. Kuna wakati Fundi hakujua tena kama ngoma zinatoka kwenye spika au zinatoka kwenye mgongo wa mtu aliyekaa chini pale, na alitamani mchana ule usifike mwisho, wabaki hivyo, yeye kitini na mumewe mkekani, nje pasiwe na Jumamosi.

Lakini walikuwa wanashuka ngazi, na wote wawili walijua. Vicheko vikapungua. Mume akaacha kusema hapa nilikuwa hivi, hapa nilikuwa vile. Akawa anainua kidole kila mkono unapochelewa. Kidole kimoja, kimya, kinashuka. Kisha kinainuka tena. Mwishoni kikawa hakishuki kabisa, akakiacha juu.

Ya Jumatatu ikaisha. Bwana Saa aliuinua mkono wa kushoto na kuuweka kwenye kiganja cha mkewe, kama anampa kitu akishike kidogo. Ndani yake kulikuwa na mtetemo mwembamba, wa mbali. Fundi aliujua ule mtetemo kwa namba na kwa mistari, angeweza kuuchora gizani. Kuushika, hakuwahi kuushika hata siku moja. Akaufunika kwa mkono wake wa pili.

Mume alimpigia kaka yake simu mwenyewe, pale pale mkekani. Alimwambia Jumamosi haji, atafutwe mtu mwingine, na shemeji alipoanza maneno yake akamkatiza: mkono wangu unaumwa, kaka, nimejua leo. Fundi alimsikia shemeji upande wa pili akinyamaza, jambo ambalo ukoo mzima haujawahi kulisikia. Mume hakutaja nani kamficha nini.

Siku tano zilizofuata waliishi kwa adabu, kama wageni wawili nyumba moja. Naomba chumvi, ahsante, karibu. Hakumtukana wala hakumsamehe. Fundi alikuwa akiamka anamkuta macho wazi, anaitazama dari, mkono wa kushoto kaulaza kifuani na wa kulia juu yake.

Hospitalini waliketi ukumbini wamepakana, viti vyenyewe vimeunganishwa na chuma kimoja, mmoja akijitikisa mwingine anatikisika. Walipoitwa, Fundi alisimama kisha akasita mlangoni, hajui kama anatakiwa. Mume akamshikia mlango.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alimtaka Bwana Saa anyooshe mikono, aguse pua, agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kulia kisha kushoto. Alipofika kushoto vidole vilianza vizuri, vikapunguza mwendo, vikawa kama vinatafuta. Fundi alitazama. Alijilazimisha kutazama, bila kioo katikati.

Daktari akavaa miwani, akashika kalamu, akamuuliza mgonjwa hali hii ilianza lini. Akaeleza kwamba wengi hawajui, huwa wanakisia, na kwamba akipata tarehe hata ya kubahatisha itamsaidia sana kujua ugonjwa unakwenda kwa kasi gani.

 Bwana Saa, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, akageuka na kumtazama mkewe machoni.

"Muulize huyu," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala. Yeye ndiye aliyekuwepo."

Daktari akageuza kalamu. Fundi akaweka mikono yake juu ya magoti, yote miwili, wazi.

"Mwaka juzi, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu," akasema. "Asubuhi, kiitikio cha pili. Mkono ulichelewa mara moja tu. Nikausogeza mahali pake, nikanyamaza."